Rangi ya Uso wa Feza

Tulipomzika Tantine, shangazi yangu, mwezi uliopita, hapa Butembo, mimi ndiye niliyetumwa kwenda kutoa picha yake ya kuwekwa mbele ya jeneza. Kijana wa studio aliipokea simu yangu, akaiunganisha na mashine yake, akaniuliza kama nataka amng'arishe mama kidogo na kumwondolea mikunjo, maana wateja wengi ndivyo wanavyopenda. Nikamwambia amwache alivyo. Sikuwa hata nimemaliza kumsalimu jirani aliyekuwa ananipa pole, picha ikawa imeshatoka, kavu, Tantine akinitazama kwa ile namna yake ya kumpima mtu kabla ya kumwuzia kitu. Nikaishika, nikashindwa kuondoka. Kijana akadhani kuna kosa, akaniuliza kama rangi si sawa. Rangi ilikuwa sawa kabisa. Nilichokuwa nakiona mimi ni chumba kingine, kule Kashebere, ambako Tantine na mimi tuliwahi kuhangaika na uso wa msichana mmoja mpaka vidole vyetu vikabadilika rangi, na mama yake ameketi nyuma yetu, anangoja.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule na nilikuwa naisubiri diploma, na kusubiri kwangu kulifanyika nyumbani kwa Tantine, aliyekuwa na duka kwenye barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale. Nyumba ilikuwa ya mbao, imepakwa mafuta machafu ya gari kwa nje ili mchwa wasiile. Sebuleni kulikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, picha ya Bikira Maria, na kwenye meza ya dirishani, imefunikwa kitambaa cheupe kama vyombo vya mgeni, imprimante, mashine yetu ya kuchapa, na kompyuta kando yake. Dukani kulikuwa na chumvi, sabuni, misumari na mawese, na pia vumbi na mikono ya watu wengi, kwa hiyo mashine ilikaa nyumbani. Tantine aliinunua Goma, kwenye ofisi iliyokuwa inafunga, ikaletwa juu ya pikipiki ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro la mtoto. Ilikuwa ile ya wino wa maji, na ilikuwa imeshazeeka kabla haijafika kwetu. Umeme wake ulitoka kwenye betri iliyochajiwa na sola juu ya bati, hivyo siku za mawingu tulifanya kazi kwa kubahatisha. Wateja walikaa kwenye benchi nyuma yangu wakaongea, na kwa kuwa nilikuwa nimewapa mgongo, walisahau kwamba nina masikio. Habari za sehemu zile nilizipata hivyo: nani ameoa, daraja gani limevunjika, njia ipi isipitwe kesho.

Mashine ile ilikuwa na magonjwa ya uzee, na Tantine, ambaye hakusomea ufundi wa kitu chochote, aliikabili kama mtoto anayelia ambaye hujui analilia nini. Kila ilipogoma alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akauliza: ina njaa, ina kiu, ao imekabwa? Njaa ilikuwa karatasi. Magurudumu ya mpira yanayovuta karatasi yalikuwa yamelainika kwa uzee, nikayapangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo ili yashike tena. Karatasi zenyewe zilijikunja kwa unyevu, maana upande ule ukungu wa msituni huingia mpaka ndani ya kabati, basi nikawa naziweka juu ya kichanja cha jikoni, karibu na moto, mpaka walimu wakalalamika kwamba mitihani yao inanuka moshi. Kiu ilikuwa wino, ambao tuliujaza ndani ya kartushi kwa sindano ya hospitali. Kukabwa ndiko kulikokuwa kubaya. Wino ukikauka kwenye kichwa cha mashine, ndani ya vile vitundu vyembamba kuliko unywele, rangi moja inakosekana, na kila kinachotoka kinakuwa uongo. Hapo ilibidi kukitoa kichwa, kukilaza juu ya kitambaa chenye maji ya vuguvugu, na kungoja. Tantine hakupenda kungoja kitu chochote duniani, lakini mbele ya kile kichwa alikaa kimya kama mtu anayemwuguza mgonjwa.

Mwanzoni mwa mwaka tulikuwa tunatoa maswali ya shule ya msingi, kadi za ubatizo na mialiko ya arusi. Kisha vita vikasogea, kwanza kama habari za kule kwingine, halafu kama sauti nyuma ya vilima, na kazi yetu ikabadilika bila mtu kuitangaza. Watu wakaanza kuleta nyuso. Walizileta kwenye simu, kwenye kadi za uchaguzi zilizochubuka, na mara nyingi kwenye picha za sherehe, kwa sababu watu wetu hupigwa picha wakiwa wanafurahi. Nikajifunza kumtoa marehemu katikati ya wenzake. Ni kazi ngumu kuliko unavyofikiri. Unamkata mume kwenye picha ya arusi yake, na begani kwake unabaki mkono wa mke, vidole tu, na huyo mke yuko hapo nyuma yako kwenye benchi. Nilikuwa msichana mdogo, nikajifanya nashughulika na kioo cha kompyuta. Sasa nina watoto walio na umri niliokuwa nao mimi, na nikiwatazama wanavyocheka na simu zao mkononi huwa najiuliza Tantine alifikiria nini kuniacha nikae mbele ya meza ile. Nadhani hakuwa na mwingine.

Mama Feza alikuja mchana mmoja wa mvua, ametoka Mpofi kwa pikipiki, amebeba unga wa mihogo kama zawadi na simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kuongea polepole. Alitueleza habari zake akiwa amesimama, kama anayetoa ushahidi. Binti yake, Feza, alikuwa amekwenda Ngungu kumsaidia mama yake mdogo kuvuna maharagwe. Asubuhi moja ya soko risasi zikalia, watu wakakimbilia mashambani. Wanawake waliorudi walisema walimwona Feza akivuka shamba la viazi, kitambaa chake cha njano kichwani, halafu hawakumwona tena. Baba yake alikwenda kutafuta, akafika mpaka kwenye kambi za wakimbizi, akarudi mikono mitupu. Maharagwe mengine yalikuwa yameshapandwa na kuvunwa. Sasa wazee wa ukoo wa baba walikuwa wameamua kwamba matanga yafanyike. Kwa kuwa mwili haupo, wangezika shina la mgomba mahali pake, kama desturi yao ilivyotaka tangu zamani, na katekista alikuwa amekubali kuja kuomba ikiwa msalaba utasimamishwa. Ilihitajika picha ya kuwekwa pale. Picha ilikuwa moja tu, ya Noeli, Feza mbele ya kanisa na kitambaa chake cha njano, anacheka huku amefumba jicho moja kwa sababu ya jua.

Nikaitoa. Paji la uso likatoka la kijani, mashavu ya kijani, meno ya buluu kidogo. Nilijua papo hapo kwamba rangi nyekundu imekabwa. Mama Feza aliichukua ile karatasi, akaipeleka dirishani, akairudisha mezani taratibu.

"Haiko yeye," alisema. "Mutoto wangu hana sura ya muntu ametolewa mu maji."

Tantine akamwomba radhi, akamweleza ugonjwa wa mashine, akamwambia asubiri tukioshe kichwa. Mvua haikukatika, hivyo akalala kwetu, na siku iliyofuata akawa bado yuko kwetu. Hakukaa kama mgeni. Alitwanga sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, akapika bugali, akaonja chumvi kabla ya Tantine. Wakati wa kula aliongea juu ya Feza bila kulia, mambo madogo madogo: kwamba hapendi maganda ya maharagwe, kwamba anaimba kwaya lakini sauti yake inapanda kabla ya wengine, kwamba anagombana na wadogo zake kwa sababu ya sabuni. Aliongea kwa hapendi na anaimba, kamwe si kwa hakupenda na aliimba. Nililiona hilo, lakini sikulifikiria. Tantine alimjazia sahani na kumsikiliza.

Tukaosha. Nikakitoa kichwa cha mashine, nikakilaza juu ya kitambaa cha maji ya vuguvugu, na ule wekundu ukaanza kuvuja, mwanzoni kama uzi, baadaye kama damu ya mtoto aliyejikata kidole. Nikajaza kartushi kwa sindano, nikatoa ukurasa wa majaribio, ile mistari ya rangi inayoonyesha kitundu gani kimefungwa. Mstari mwekundu ulitoka na mapengo. Tukaosha tena. Picha ya pili ilitoka na michirizi, kana kwamba Feza amesimama nyuma ya uzio wa mianzi. Mama Feza akaitazama, akasema haiko yeye, na sisi tukakubali. Ya tatu ilikuwa nzuri zaidi, isipokuwa shingo ilikuwa nyeusi mno. Haiko yeye. Ya nne mimi niliiona kuwa nzuri. Niliilinganisha na simu, nikaipeleka kwenye mwanga, nikaona ngozi ni ngozi na njano ni njano. Mama Feza akaishika muda mrefu kuliko nyingine zote. Halafu akasema kwamba sikio la mtoto wake haliko hivi. Sikio. Nikamtazama Tantine, nikitegemea atakasirika, maana wino ule ulitoka mbali na njia ilikuwa inafungwa. Tantine akakunja kile kitambaa cheupe, akasema tutaosha tena kesho.

Asubuhi yake niliamka mapema kwenda kuwasha moto, nikakuta umeshawashwa. Mlango wa jikoni ulikuwa umeegeshwa. Mama Feza alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, mgongo kwangu, anaongea kwa sauti ya chini na isiyo na haraka, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua. Nilidhani anasali sala za asubuhi nikasimama ili nisimkatize.

"Bwana, nakuomba ile mashini isipone," alisema. "Ikitoa Feza, watamuzika."

Nilirudi nyuma bila kugusa kitu. Nilimkuta Tantine anajifunga kikwembe chake, nikamweleza nilichosikia. Sikujua nilitaka aseme nini. Pengine nilitaka ashangae kama mimi. Aliketi tu ukingoni mwa kitanda akatazama miguu yake.

"Nilijua tangu sikio," alisema.

Nikamwuliza basi tufanye nini. Akaniambia tuendelee kuosha. Na kweli tuliendelea. Kichwa cha mashine kilikuwa kimeshapona, maji yaliyotoka ndani yake yalikuwa meupe, mistari ya majaribio ilikuwa mizima, lakini siku ile nzima nilikiacha kimelala kwenye kitambaa chake, nikabadilisha maji yalipopoa, na mtu yeyote aliyeingia kuulizia kazi aliambiwa mashine ni mgonjwa. Tantine alifunga duka mapema, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada yake, akaja kukaa na Mama Feza uani wakamenya maharagwe.  Niliwatazama kupitia dirisha lile, mwanamke mmoja wa duka asiyejua kuketi, na mwingine aliyekuja kutafuta picha na kuomba asiipate, na nikaona kwamba tulikuwa tunampa kitu pekee tulichokuwa nacho cha kumpa, nacho ni kuchelewa.

Kesho yake akaja Papa Ezekieli, mume wa Mama Feza, kwa miguu, viatu vimejaa tope. Nilitegemea mtu mkali. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti iliyokauka, mwindaji wa zamani aliyekuwa amegeuka mkulima, na alikaa kwenye benchi la wateja kofia mkononi kama aliyekuja kuomba kazi. Tantine akamweleza kwamba imprimante bado inasumbua. Akaitikia kwa kichwa. Akanywa maji aliyopewa. Halafu akaongea na mkewe mbele yetu, na ilionekana alikuwa ameyabeba maneno yake njia nzima.

"Mama Feza, mi sikuje kugombana," alisema. "Wadogo zake wananiuliza kila mangaribi, wakati wa kuomba: Papa, Feza tumuombee kama muzima, ao kama mufu? Mi sijue niwajibu nini. Nawaambia waombe tu. Sasa wameacha kuuliza. Hawamutaje tena."

 Mama Feza alikuwa ameshika bakuli la maharagwe mapajani, na mkono wake uliendelea kuyachambua, mazuri huku, mabovu kule, mpaka yakaisha. Akaliweka bakuli chini. Hakumtazama mumewe, alinitazama mimi.

"Kahindo, ile mashini imepona?"

Niligeuka kwa Tantine. Tantine akasema, "Umujibu ukweli."

"Imepona, mama," nikasema. "Tangu juzi."

"Basi muitoe."

Nilirudisha kichwa mahali pake. Nilikwenda kichanjani kuchukua karatasi iliyokauka vizuri. Nilifanya kila kitu polepole, na hakuna aliyeniharakisha. Mashine ikajinyoosha kwa kelele zake za kawaida, ikavuta karatasi bila kuteleza, ikaanza kwenda na kurudi. Mama Feza alikuwa hajawahi kusimama karibu wakati picha inatoka; siku zote alisubiri nimletee. Safari hii alikuja akasimama begani kwangu. Kwa hiyo aliiona ikija mstari kwa mstari: kwanza anga la Noeli, ukuta wa kanisa, ile njano ya kitambaa, kisha paji la uso, kahawia, kahawia ya kweli ya msichana aliyesimama juani, kisha jicho lililofumba na jicho lililo wazi. Ilipofika kwenye kicheko alishika kiti changu kwa nyuma.

"Njo yeye," alisema. Ndiye.

Nilimwambia aishike kwa ukingo kwa sababu wino bado ni mbichi. Akaishika kwa ukingo. Akaketi nayo, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu afike kwetu, bila sauti, akiwa ameiweka picha mbali na uso wake ili machozi yasiiguse. Papa Ezekieli aliinuka kuja kuitazama, akafika nusu ya chumba, akageuka akatoka nje. Tulimwona kupitia dirishani amesimama katikati ya uwanja, kofia bado mkononi, mvua ndogo inamnyea.

Tantine na mimi tulikwenda Mpofi kwenye matanga. Wazee wa ukoo walifanya ya kwao mapema, nyuma ya nyumba, na tuliambiwa tusitazame, nasi hatukutazama. Kisha shina la mgomba likaletwa, limekatwa kwa urefu wa Feza, limevikwa kikwembe kipya, na wanawake wanne wakalibeba kwa uangalifu kama linaweza kuumia. Katekista aliomba. Kulikuwa na majadiliano mafupi juu ya picha, kwa sababu wazee walitaka ipigiliwe msalabani ili wapita njia waione. Mama Feza akaniuliza mbele yao kama rangi ile itavumilia mvua. Nikasema hapana, mvua ya kwanza itaiosha yote. Akawaambia basi iende ndani. Akaingia mwenyewe kaburini akailaza juu ya kikwembe, uso juu, akaiweka sawa, kama mtu anavyoweka sawa shuka la mtoto, na akatoka bila kusaidiwa. Wadogo zake Feza walisimama pembeni. Mmoja wao, msichana, aliimba na wengine, na sauti yake ilipanda kabla ya wakati.

Mpaka leo hakuna aliyeleta habari za Feza, za uhai wala za kifo. Mara nyingine watu wakinisikia nikisimulia huniuliza kama ilikuwa vizuri kumzika mtu ambaye hatukujua kama amekufa.  Najua kwamba Papa Ezekieli alilala usingizi baada ya siku ile, maana alimwambia Tantine hivyo. Na najua kingine nilichokiona mwenyewe, kabla mwaka haujaisha, vita vilipofika Kashebere.

Tulitoka na tulichoweza kubeba. Imprimante tuliisukuma chini ya kitanda ikiwa na kitambaa chake, na sikuiona tena; waliorudi walisema nyumba ilikuwa tupu mpaka mbao za sakafu. Tulitembea upande wa Walikale pamoja na watu wengi sana, magodoro vichwani, mbuzi, wagonjwa kwenye machela, watoto wanaobebwa na watoto.  Tulipokaribia Mpofi msafara ulipunguza mwendo, na nikaona mbele kwamba kuna mtu amesimama kando ya barabara na ndoo, anawapa wapita njia maji. Alikuwa Mama Feza. Wanaume aliwapa kikombe wakanywa wakapita. Wazee vilevile. Lakini kila alipofika msichana, alimshika kidevu kwanza, akamwinua uso, akamtazama, ndipo akampa maji. Zamu yangu ilipofika nilitaka kusema mimi ni Kahindo, wa Kashebere. Alikuwa anajua. Alinishika kidevu hata hivyo, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, huku na huku, kama alivyokuwa akiigeuza ile karatasi dirishani kwetu.

"Kunywa, mutoto wangu," alisema. "Kunywa, upite."

Nikanywa. Tantine, ambaye sikuwahi kumwona analia, alikuwa analia wazi huku anatembea. Nyuma yangu alikuja msichana mwingine amejitwisha godoro lililomfunika kichwa mpaka machoni, na nilipogeuka nilimsikia Mama Feza akimwomba kwa upole alitue kidogo, asogee karibu, amwone.